Tangi la samaki juu ya duka la nguo: shajara ya kuzuia mafuriko

8 Februari 2025: vipimo kwanza

Tangi la juu lina urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 50, kioo cha milimita 10. Sampu, yaani lile tangi la pili linalokaa kabatini chini yake, ni 80 kwa 35 kwa 40, kioo cha milimita 6. Maji yanamwagika yenyewe kutoka juu hadi sampu, yanapita kwenye sponji na kokoto, kisha pampu inayarudisha juu. Anayefuga samaki anajua faida yake: maji yanakuwa mengi zaidi, uchafu unakaa mahali pasipoonekana, na kimo cha maji ya juu hakibadiliki. Ubaya wake ni kwamba saa zote kuna maji yaliyo safarini, na siku safari ikikatizwa lazima yapate pa kulala.

Nakaa ghorofani, Main Street, Jinja, Uganda, katika moja ya yale majengo ya zamani yenye maduka chini na makazi juu. Chini ya sebule yangu ni duka la Hajjati anayeshona gomesi, lile vazi la heshima la wanawake wa Uganda. Sakafu ni ya zege, lakini zege la miaka mingi lina nyufa, na maji huzipata nyufa kabla ya fundi. Shajara hii naiandika kwa ajili ya aliye na tangi kama langu na jirani kama wangu.

Namba za kushika ni hizi. Ndani ya kioo, kila sentimita moja ya kimo kwenye tangi la juu ni lita 5 na kidogo. Kwenye sampu ni lita 2.66. Chumba cha pampu ndani ya sampu, peke yake, ni lita 0.85. Nimeziandika kwa kalamu nene upande wa ndani wa mlango wa kabati, kwa sababu zitatumika katika kila hatua, na usiku wa manane hakuna anayezikumbuka.

Pampu imeandikwa lita 3,000 kwa saa. Nilielekeza bomba la juu kwenye ndoo ya lita 20, ikajaa kwa sekunde 42, yaani lita 1,700 hivi kwa saa. Zilizobaki zimeliwa na kimo cha kupandia. Tumia namba ya ndoo, ya kwenye boksi iache hapo hapo kwenye boksi.

Gharama mpaka leo: vioo, silikoni na ufundi Sh 780,000, stendi ya chuma Sh 250,000, pampu Sh 130,000. Tangi liko kwenye kona ya kuta mbili nene, maana maji ya juu peke yake ni zaidi ya kilo 230.

22 Februari: kisanduku cha kuning'iniza, na yadi sita za kitambaa

Sikutaka kutoboa kioo kipya, kwa hiyo nilianza na kisanduku cha kuning'iniza: chumba kimoja ndani ya tangi, kingine nje, na kati yao bomba lililopindwa kama herufi U iliyopinduliwa, linalovusha maji juu ya ukingo kwa mvuto wa sifoni, yaani maji yakishajaa bombani yanajivuta yenyewe kwenda chini. Sh 35,000 tu. Kilifanya kazi vizuri kabisa, mpaka usiku mmoja kikaacha.

Kilichokiua ni hewa. Viputo vidogo vinavyosafiri na maji hujikusanya kwenye mgongo wa lile bomba. Maji yakienda kasi, huvisukuma nje. Yakienda taratibu, vinabaki pale, vinaungana, na hatimaye mvuto unakatika kimyakimya. Pampu haina habari. Inaendelea kupandisha maji mpaka imalize chumba chake. Wakati huo nafasi iliyobaki kati ya maji na ukingo wa tangi la juu ilikuwa sentimita moja na nusu, yaani lita saba na nusu. Chumba cha pampu kilikuwa na lita kumi za kutoa. Toa hesabu mwenyewe: lita mbili na nusu zikateremka nyuma ya kioo, zikaingia ufani, zikatua kwenye meza ya kukatia ya Hajjati, juu ya kitambaa cha gomesi cha mteja, yadi sita. Pampu nayo ikazunguka kavu hadi asubuhi, ikaungua.

Hajjati alipanda ngazi mwenyewe.

"Mwanangu, hao samaki wako ndio wanaonikojolea dukani?"

"Nisamehe Hajjati. Samaki hata hawajaingia bado, ni maji matupu."

"Hawajaingia! Na wakishaingia je?"

Kitambaa nikalipa Sh 140,000, pampu mpya Sh 130,000. Wapo wanaofunga kipampu kidogo juu ya lile bomba la U ili kinyonye hewa muda wote. Mimi sitaki. Hicho ni kifaa cha kulinda kifaa, na chenyewe kitahitaji mlinzi. Kuanzia sasa utaratibu wa kazi hii ni huu: kila hitilafu nitakayoiwaza, maji yake yawe na nafasi ya kuyapokea hata kama hakuna valvu wala swichi hata moja iliyofanya kazi. Vifaa nitaviweka, ila kwenye hesabu nitavihesabu sifuri.

8 Machi: kutoboa kioo

Fundi wa vioo hapa mjini alikuwa na biti za tundu la kitasa tu. Msumeno wa tundu wenye unga wa almasi ulitoka Kampala, Sh 60,000. Nunua tenki konekta kwanza, yaani kiungo cha kupitisha bomba kwenye tundu la kioo, pima uzi wake kwa rula, ndipo ununue msumeno, kwa sababu konekta za inchi moja na nusu za watengenezaji wawili hazilingani. Na muulize aliyekuuzia kioo kama ni kile kilichopikwa moto kuongezwa ugumu. Hicho hakitoboki, hupasuka chote kwa mara moja kikawa changarawe.

Matundu yote mawili yako kwenye kioo cha nyuma, karibu na juu. Wengi hutoboa kitako kwa sababu mabomba hufichika vizuri. Kwangu hilo halikujadiliwa: washa ya kitako ikichoka, tangi zima linateremka, washa ya juu ikichoka, maji yanashuka hadi usawa wa tundu na kuishia hapo.

Kazi yenyewe: kioo kimelazwa juu ya blanketi, duara la udongo wa mfinyanzi kuzunguka alama, maji ndani ya duara, drili bila nyundo, mwendo wa chini. Fundi alitaka kukandamiza, nikamwomba aache uzito wa drili ufanye kazi. Tulibandika utepe upande wa pili ili kisahani cha kioo kikikatika kisianguke na kumega ukingo. Matundu yalitoka safi. Washa hukaa upande wenye ukingo mpana, ndani ya tangi. Bakinati, yaani nati ya kukazia, hukaa nje. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko, basi. Silikoni haihitajiki hapo, na ikiwekwa washa huteleza.

Ndani tumegundisha kisanduku cha kioo cha sentimita 40 kwa 10, chenye meno juu ambayo maji hupita. Ndani yake kuna midomo miwili ya mabomba ya inchi moja na nusu. Mmoja unaangalia chini, na ni wa sifoni: bomba lake lina koki chini kabatini, nayo hubanwa mpaka bomba lijae maji tupu bila hewa, kwa hiyo halina kelele. Mwingine unaangalia juu, umekaa kimo cha juu zaidi, na hauna koki wala kichujio. Huu ni wa dharura, kazi yake ni kubaki mkavu.

Jaribio la kwanza kabisa ni kufunga koki ya sifoni moja kwa moja huku pampu inakwenda. Bomba la dharura peke yake lazima libebe maji yote. Kwangu maji yalipanda kama sentimita mbili juu ya mdomo wake, yakasimama pale, bado yakiwa chini ya meno. Kwako yakiendelea kupanda, usisogee hatua nyingine. Ongeza unene wa bomba.

Gharama: ufundi Sh 50,000, konekta na mabomba na elbo na gundi Sh 95,000, kioo cha kisanduku Sh 40,000, bol valvu, ndiyo ile koki ya sifoni, Sh 15,000.

Ni Ramadhani na Hajjati ana oda za Idi mpaka kwenye ngazi. Nimemwahidi kwamba mpaka Idi ipite pampu haitawaka nikiwa sipo.

15 Machi: kuzima umeme makusudi

Bwawa la Nalubaale linafua umeme tangu 1954, nalo liko mwendo mfupi wa bodaboda kutoka hapa. Na bado mshumaa na kiberiti vina mahali pake pa kudumu kwangu. Kwa hiyo jaribio hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Nilitandika turubai, nikaweka beseni, nikachomoa plagi ya pampu.

Pampu ikizima mambo mawili hutokea pamoja. Maji yaliyo juu ya mdomo wa sifoni ndani ya kisanduku, pamoja na yaliyo bombani, huteremka: kwangu ni lita saba. Halafu bomba la kurudishia hugeuka kuwa sifoni kwenda kinyume, na huvuta maji ya tangi la juu mpaka mdomo wake upate hewa. Mdomo ule nilikuwa nimeuzamisha sentimita 9 ili maji yazunguke hadi chini kwenye mimea. Sentimita 9 mara lita 5 ni lita 45. Jumla 52.

Sampu ilikuwa na nafasi gani? Vizuizi vya ndani vina kimo cha sentimita 25. Kutoka 25 hadi ukingo wa 40 ni lita 40. Chumba cha pampu huwa na maji kimo cha 18, kwa hiyo kina nafasi ya lita 6 kabla ya kufika 25. Jumla 46. Lita sita zikaja kwenye turubai, na zilikuja kama hesabu ilivyosema, kwa utulivu, ukingo mzima wa sampu ukitoa jasho kwa pamoja. Nilisimama nikitazama na tambara mkononi, sikuwa na cha kufanya mpaka zimalizike.

Tiba ilikuwa msumeno wa chuma na elbo moja: mdomo wa kurudishia sasa uko sentimita 2 chini ya uso wa maji. Lita 10 za juu, lita 7 za kisanduku na mabomba, jumla 17. Nilirudia kuzima, na sampu ikapanda hadi sentimita 29 ikatulia. Nimebandika utepe mwekundu hapo. Mzunguko wa maji kule chini umepungua, ndiyo. Mimea itavumilia.

Pia nimefunga valvu ya nonritani, inayoruhusu maji kupita upande mmoja tu, kwenye bomba la kurudishia, Sh 25,000, kwa sababu kila ninayemwonyesha mradi huu swali lake la kwanza ni "mbona hujafunga nonritani?" Leo inashika vizuri: nikizima, sampu inaishia 25 na ushei.

29 Machi: nonritani

Nimezima tena. Sampu imefika 29, kwenye utepe uleule, kana kwamba nonritani haipo. Nilipoifungua kilango chake kilikuwa na utelezi wa kijani na chembe mbili za mchanga kwenye ukingo. Chembe mbili tu zinatosha. Isitoshe, ikiwa imefungwa ndoo ilijaa kwa sekunde 47 badala ya 42. Nimeitoa.

Kile kitundu cha milimita 3 ambacho wengi hutoboa kwenye bomba la kurudishia, chini kidogo ya uso wa maji, ili kivute hewa na kukata sifoni mapema, nimekitoboa pia. Kinafanya kazi. Lakini mwani hupenda mahali penye mwanga na maji yanayotiririka, na pale pana vyote viwili. Kipo, nakisugua kwa kijiti cha meno ninapokumbuka, na kwenye hesabu ni sifuri.

12 Aprili: sifoni isiyoamka

Idi imepita salama, gomesi zote zimevaliwa.

Hitilafu mpya: umeme ukirudi, bomba la sifoni linakoroma, linatema mapovu, halishiki mvuto. Maji yote yanapita bomba la dharura. Hakuna tone lililomwagika, lakini ukishafikia hapo huna kinga ya pili, maana dharura yenyewe ndiyo iko kazini.

Nilishuku koki, nikaifungua na kuifunga mpaka kiganja kikauma. Sababu ilikuwa upande wa pili. Mwisho wa bomba ndani ya sampu nilikuwa nimeuzamisha sentimita 15 ili lisipige kelele. Pampu inapowaka, hewa iliyojaa bombani lazima isukumwe itoke chini, na sentimita 15 za maji juu ya mdomo ni mlango mzito mno kwake. Nilikata bomba likabaki limezama sentimita 2 tu. Sasa linakoroma kidogo, linatema hewa yote, na chini ya dakika moja limenyamaza. Bomba la dharura nalo nimelikata liishie juu ya maji kabisa, kwa makusudi: likianza kazi nataka lipige kelele za kuniamsha.

Koki nayo nimeibadilisha. Bol valvu haifai kwa kazi hii, unaigusa kidogo tu, maji ya kisanduku yanapanda au kushuka sentimita tano. Geti valvu hufunga taratibu kwa mizunguko mingi. Hapa Jinja madukani zipo za shaba, lakini nataka kufuga wale kamba wadogo wa ziwani, na shaba na kamba haviishi pamoja. Ya plastiki ilitumwa na binamu kutoka Nairobi kwa basi kupitia Busia, Sh 65,000 pamoja na usafiri. Kuirekebisha kulichukua jioni nzima, robo mzunguko, unasubiri, robo mzunguko, unasubiri. Ikishakaa sawa, chora alama kwenye gurudumu lake.

10 Mei: konokono

Usiku, saa nane hivi, bomba la dharura limeniamsha. Sauti yake ni ya bomba la bafu la jirani, ila jirani wa upande ule hana bafu.

Kwenye geti valvu kulikuwa na konokono mdogo, saizi ya punje ya mahindi. Aliingia na mimea niliyoitoa ufukweni Masese, akapita kwenye meno, akapita mdomo wa sifoni, akafika kwenye koki iliyobanwa nusu akakwama, na nyuma yake likajikusanya jani. Koki iliyobanwa ndiyo sehemu nyembamba kuliko zote katika njia nzima, kwa hiyo kila kilichopita salama juu huja kukwama hapo.

Kwanza niliweka kichujio kwenye mdomo wa sifoni. Jani moja la mmea likakilalia, na ndani ya saa chache dharura ikaanza tena kuimba. Nimekitoa. Ninachofanya sasa: kila Ijumaa nafungua geti valvu yote kwa muda wa kuhesabu ishirini, maji yanakimbia kwa nguvu na kusomba kila kitu, kisha narudisha kwenye alama. Chini ya bomba, ndani ya sampu, nimeweka kipande cha neti cha kuwapokea wasafiri.

Jambo lingine nje ya mafuriko, lakini lisemwe. Konokono wa aina ya Biomphalaria waliomo Ziwa Victoria hubeba kichocho. Mimea ya ziwani usiishike mikono mitupu, wala usihamishie konokono wake tangini kwako kwa kudhani wanasafisha kioo. Sasa mimea mipya naitoa dukani.

31 Mei: maji yanayokauka

Tangi linapoteza kama lita mbili kwa siku kwa kukauka, na zote huonekana kwenye chumba cha pampu. Nikaweka jerikeni ya lita 20 juu ya kabati, mpira mwembamba, na boya dogo la plastiki la kufungulia maji kimo kikishuka, la aina ya vyombo vya kunyweshea kuku, maana la tangi la choo linataka maji yenye msukumo. Boya, mpira na viungo Sh 20,000.

Kisha nikakaa na kalamu. Hitilafu ya kwanza: boya linang'ang'ania likiwa wazi, jerikeni yote inaingia. Lita 20, na umeme ukikatika papo hapo ongeza 17, jumla 37. Sampu ina nafasi ya 46. Inafika sentimita 36 na ushei, haimwagiki. Vizuri.

Hitilafu ya pili ndiyo iliyonikosesha raha. Tuseme mabomba yote mawili ya kushushia yameziba. Pampu inapandisha lita 10 zilizomo chumbani mwake, kimo kinashuka, boya linaona maji yamepungua, linafungua. Lita 20 za jerikeni nazo zinapandishwa. Jumla 30. Juu, tangu tutoboe kioo, maji yako sentimita 3 na nusu chini ya ukingo, nafasi ya lita 17. Lita 13 zinakwenda kwa Hajjati. Boya halina kosa lolote, limefanya kazi yake kikamilifu, na ndilo lililoleta mafuriko. Anayeunganisha boya moja kwa moja na bomba la mji afikirie hapo: kwake hakuna lita 13, kuna Ziwa Victoria zima nyuma ya boya.

Jerikeni ya 20 imerudi jikoni. Mahali pake ipo ya lita 5. Lita 10 na 5 ni 15, na nafasi ni 17. Kijana wangu anaijaza kila baada ya siku mbili, kwa maji ya bomba yaliyolala wazi kwenye ndoo usiku kucha ili klorini itoke. Mama watoto ameniuliza kama kuna tofauti gani na kumwaga lita tano kwa mkono. Tofauti ni ndogo, nakiri, ila kimo cha chumba cha pampu hakishuki tukisahau siku moja.

21 Juni: waya

Ekstensheni ilikuwa imelala sakafuni mwa kabati, mahali ambapo maji yangefika kwanza. Sasa imefungwa ukutani juu ya usawa wa tangi la juu. Kila waya unashuka chini ya soketi kisha unapanda tena kuingia, ili tone linalofuata waya lidondoke kwenye kona ya chini badala ya kuingia kwenye plagi. Fundi umeme amefunga breka ya miliampia 30 inayokata umeme unapovuja, Sh 85,000, na ufundi Sh 30,000. Hii haizuii mafuriko hata kidogo. Ni kwa ajili ya mtu atakayeingiza mkono kwenye maji wakati pampu imepasuka, na ndiyo kinga pekee ya kifaa ambayo siwezi kuibadilisha kwa nafasi.

12 Julai: yote kwa pamoja

Kabla ya samaki nilifanya majaribio yote siku moja, Hajjati akiwa amefunga duka na amepewa habari.

Koki ya sifoni imefungwa: dharura imebeba. Umeme umezimwa: 29. Umezimwa na kuwashwa haraka haraka, kama unavyofanya wakati wa mvua: sifoni imeamka kila mara, ingawa mara moja ilichelewa na dharura ikapokea kwa muda. Boya limeinamishwa likabaki wazi, kisha umeme ukazimwa: 31. La mwisho nililiogopa, kuziba mabomba yote mawili kwa vizibo vya mpira na kuacha pampu ikwenda. Maji ya juu yalipanda, yakapanda, pampu ikaanza kunyonya hewa, jerikeni ikaisha. Kati ya maji na ukingo ulibaki unene wa kidole changu kidogo, kasoro.

Chumba cha pampu kilipobaki kitupu nilichomoa pampu mara moja. Ile ya kwanza ilikufa hivyo.

Nkejje wameingia, wale wadogo ambao upande wa Tanzania huitwa furu. Hita haihitajiki kwa joto la hapa. Nimewaongezea kipampu cha hewa cha betri, kwa sababu umeme ukikatika muda mrefu maji hubaki salama lakini samaki hukosa pumzi.

6 Septemba: nyumba bila mtu

Tulikwenda msibani Tororo. Kabla ya kuondoka nilichora mstari wa chaki wima ndani ya kioo cha sampu, kuanzia juu ya maji hadi ukingoni. Maji yakipanda hufuta chaki, yakishuka hayaiandiki upya. Tuliporudi chaki ilikuwa imefutika hadi 29, na saa ya jikoni ilikuwa inawaka sifuri, ishara kwamba umeme uliondoka na kurudi. Dukani kwa Hajjati dari lilikuwa kavu.

Mwenye nyumba ameruhusu tundu moja kwenye ukuta wa veranda ya nyuma. Nimetoboa sampu kwenye sentimita 37, nikafunga konekta na bomba linaloteremka hadi mfereji wa uani, Sh 45,000 na ukuta ukiwemo. Nimelijaribu kwa kumimina jerikeni nzima ya lita 20 kwenye sampu iliyokwisha kusimama 31. Maji yalianza kutoka uani kabla jerikeni haijaisha, na sampu haikuvuka 38. Mteremko wa bomba uwe wa kweli, kwangu mara ya kwanza lilikuwa na tumbo katikati na hewa ikakwama.

Jumla ya fedha za kuzuia mafuriko, mbali na tangi lenyewe, ni Sh 835,000. Kati ya hizo Sh 345,000 ni za vitu vilivyotupwa au kulipwa fidia: kisanduku cha kuning'iniza, kitambaa, pampu iliyoungua, nonritani na bol valvu. Anayeanzia kwenye kutoboa kioo atatumia Sh 490,000. Washa za konekta nitazikagua Machi mwakani, na geti valvu inafunguliwa yote kila Ijumaa kama kawaida.